Nahangaika Tu

Siku hizi wasomi wakianza kubishana redioni kwa nini uchumi wa nchi hii unakua na wa nchi ile umedumaa, huwa naizima redio. Si kwa dharau. Naona aibu, kwa sababu niliwahi kuchangia utafiti wa namna hiyo, na mchango wangu ulikuwa mbovu.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu wa kike, kijana, mtoto wa familia ya kanisa pale Masasi, na Kiingereza changu kilinivimbisha kichwa. Likizo moja akaja mtafiti kutoka Uingereza, akitafuta mkalimani wa kwenda naye Newala. Alikuwa ameshauliza maswali yake Uganda na Nyasaland. Alitaka kujua kama nchi yenye watu wengi wanaojianzishia shughuli zao hukua haraka kuliko nyingine. Swali lake kuu lilikuwa fupi: una kazi gani uliyoianzisha mwenyewe?

Newala tulifikia kwa mama mmoja mjane. Kule juu maji ni taabu. Kiangazi wanawake hushuka bondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Mama huyu alianza kwa kuteka mtungi mmoja wa ziada na kuwauzia mafundi waliokuwa wakijenga soko jipya. Nilipofika mimi, alikuwa na wanawake sita wanaomtekea, na mafundi hao hao walikuwa wakinywa chai yake na kula mihogo yake ya kuchemsha. Aliyechelewa asubuhi alisemwa mpaka akome. Hamu yake ilikuwa moja tu: soko likiisha apate nafasi ndani, chini ya bati, aache kupikia juani. Na bomani walikuwa wamesema wazi kwamba nafasi zitagawiwa kwa kufuata orodha ya mtafiti, kwa wale walioandikwa kuwa na biashara.

Ikafika zamu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamuuliza lile swali. Akajifuta mikono kwenye kanga, akainamisha macho. "Aa, kazi gani, mwanangu. Nahangaika tu."

Kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Nani atasimama mbele ya mgeni aanze kujisifu kwamba ana watu chini yake? Hata baba yangu, mwenye mikorosho mpaka upeo wa macho, akiulizwa habari za shamba alisema anahangaika. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini mtafiti alisisitiza nitafsiri neno kwa neno, nami nilitaka sifa. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu ana shida, anatangatanga. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwandika kwenye safu ya wasio na kazi. Wakati huo wote tulikuwa tunakunywa chai yake.

Orodha ilibandikwa bomani, mtafiti ameshapanda meli Mtwara. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nilisoma majina yote mara mbili, nikitumaini jicho langu limeruka mstari. Lake halikuwemo. Nikamwendea karani, karani akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Ikanibidi nirudi kwa mama nimweleze nilivyotafsiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilisema nahangaika," akasema taratibu, "na wewe umekaa kwenye benchi langu, unawaona wale wanawake wakiingia na maji."

"Nilitafsiri ulichosema, mama."

"Basi nisamehe, mwalimu. Nilidhani Kiswahili unakijua."

Soko lilipofunguliwa, aliendelea kupikia nje, juani. Waliopata nafasi ndani walinunua maji kwake.