Wifi Aliita Rangi Zangu Mapepo, Leo Anataka Niwachoree Wajukuu Zake

Admin, jina langu libaki kwako, maana ninayemsema ana masikio mengi humu. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, Mtanzania, nimeolewa, watoto wangu wawili wameshajitegemea. Nimeishi Toronto tangu miaka ya tisini. Yalianza tukikaa ghorofa ya kumi na moja kule Etobicoke, magharibi mwa jiji, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akikaa ghorofa ya nne jengo hilohilo. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Kwa wasioijua, Halloween ni siku ya mwisho wa Oktoba, watoto wa huku hujigeuza wanyama na vitu vya kutisha, wakapita mlango kwa mlango kuomba pipi. Binti yangu, nitamwita Tuma, alikuwa na miaka sita. Alirudi kutoka shule akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba darasani kila mtoto atakuwa kitu, yeye peke yake hatakuwa kitu chochote. Nikachanganya unga wa wanga na losheni, nikatia rangi za keki, nikamchora chui. Madoa nilipiga kwa ncha ya kidole, masharubu kwa wanja. Alijitazama kwenye kioo cha lifti mpaka tukapitiliza hadi chini kabisa kwenye maegesho.

Mwaka uliofuata majirani wakaleta wa kwao, Wakongo, Warundi, na mama mmoja wa Kihindi aliyekulia Mombasa. Wazazi wengi walikuwa viwandani, hivyo watoto wakitoka shule walipanga foleni jikoni kwangu. Kazini nilikuwa nawaogesha wazee siku nzima na hakuna aliyejua jina langu. Jikoni kwangu niliitwa Mama Rangi. Nilipenda, sitaficha.

Sasa wifi. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Aliyemchagua simjui, nadhani alichaguliwa na ukubwa wa sebule yake. Alikuwa mtu wa kufunga, na akifunga, kabla ya saa nne asubuhi jengo zima limeshajua.

Mwaka wa tatu alimleta binti yake mwenyewe, wa miaka minane, kamshika mkono. Akaniambia, "Wifi, huyu mfanyie sungura. Asiwe wa kutisha." Nikamfanyia sungura mzuri kuliko wote siku ile. Kisha wifi mwenyewe akabeba mfuko, akampitisha mtoto ghorofa zote mpaka mfuko ukajaa.

Jumapili iliyofuata tukakutana sebuleni kwake kwa maombi. Akasimama, akafumba macho, akasema, "Kuna mwenzetu anawachora watoto wetu alama za mapepo. Sitamtaja." Halafu akafumbua macho na kunigeukia mwili mzima, asije mtu akakosea.

Na mezani, kando ya chupa ya chai na maandazi, kulikuwa na bakuli la pipi. Zilezile alizoomba mlango kwa mlango. Wapendwa walikuwa wanaguna kwa uchungu wa mapepo huku wanamung'unya.

Nikamwuliza, "Wifi, na sungura wa juzi, naye ni pepo?"

Akajibu bila kupepesa, "Mimi sikumleta. Alikuja mwenyewe, mtoto hajui." Binti yake alikuwa amekaa palepale kwenye zulia. Akafungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga.

Kisha akasema Tuma, aliyekuwa amekaa kando ya binamu yake, aombewe. Akaleta maji ya moto na taulo, akamsugua mwanangu uso ambao haukuwa na rangi hata chembe, nilishamwosha siku ileile ya Halloween. Tuma alikuwa analia, anauliza kwa Kiingereza amefanya kosa gani. Nilimnyang'anya nikaondoka naye. Mume wangu alibaki. Alikuwa anatazama kikombe chake cha chai kama kuna habari ndani yake, akaja nyumbani baada ya sala ya mwisho na kuniambia, "Ungenyamaza tu. Yule ni dada yangu mkubwa."

Foleni jikoni ilikufa. Mama zao, walionishukuru wiki moja kabla, wakiniona kwenye lifti walisubiri nyingine. Hayo niliyameza. Ambalo sikulimeza ni Tuma. Alianza kuosha uso mara sita, saba kwa siku, mpaka mashavu yakachubuka. Ilichukua karibu miaka miwili kuisha. Wifi alijua, na hajawahi kusema neno "samahani", hata kwa bahati mbaya.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita kanipigia simu. Kanisa lake lina sherehe ya watoto, siku ileile, pipi zilezile, nyuso za kuchorwa, ila wao wameiita sikukuu ya mavuno, na mwenyekiti ni yeye. "Wifi," akasema, "mikono yako Mungu aliibariki. Njoo uwachoree wajukuu zangu na wenzao. Tutakutambulisha mbele ya kanisa."

Nikamwuliza, "Na mapepo je?"

"Ah, mambo ya zamani hayo. Sisi hatufanyi Halloween."

Mume wangu anasema niende yaishe. Anapenda sana mambo yaishe, huyu, mradi asiyamalize yeye. Tuma, ambaye sasa ni mama wa mtoto mmoja, aliniambia kwa Kiswahili, naye Kiswahili hukitumia kwa nadra, "Mama, ukienda, usinipigie kunisimulia."

Na mimi, aibu yangu ni hii, nataka kwenda. Si kusamehe. Nataka wakinitambulisha nichukue kipaza sauti niseme nani alimsugua mtoto wangu mbele za watu. Lakini wajukuu zake watakuwa wamekaa mstari wa mbele, na nyuso nilizozichora mimi, wakisikiliza bibi yao anavyovuliwa nguo.

Niende nikaseme, niende nikachore nirudi kimya, au nisikanyage? Niambieni ninyi mngefanya lipi. Ila mwenye "samehe tu mama" abaki nayo. Wa hivyo ninaye mmoja nyumbani, kila siku asubuhi.