Watoto wa Sweta Moja

Nakumbuka siku moja hapa Lanet, mwanangu, nilipoingia kwa ofisi ya nyumba ya watoto iliyonilea, nimembeba kifungua mimba wangu mgongoni. Leo wewe ndiye umeajiriwa kwa hiyo ofisi, ndio maana nimekuita tunywe chai. Keti, chapati bado ni moto.

Nilitaka kitu kimoja tu, kuona nilivyokuwa nikiwa mdogo. Kila mtu alikuwa anauliza mtoto wangu amefanana na nani. Wazazi sikuwajua. Hata sura yangu ya utotoni sikuijua, maana kule hatukuwa na kioo, na picha zetu zilipigwa za kutumiwa wafadhili, nakala zinabaki ofisini.

Na hizo picha, we! Kulikuwa na sweta moja nzuri, nyekundu, ilikuwa inafungiwa ofisini. Siku ya picha unavalishwa, unapigwa picha, unavuliwa, anavaa mwenzako ikiwa bado na joto lako. Tuliipenda hiyo sweta, wacha tu.

Karani alikuwa kijana kama wewe. Nilipomwomba picha zangu akaniambia, "Pole, dada, hizo ni mali ya ofisi." Nikageuka nitoke, machozi yananilenga. Mama Rispa, mlezi wetu, alikuwa mlangoni amesikia.

"Sura ya mtoto ikawa mali ya ofisi tangu lini? Toa zote."

Karani akazitoa. Mwanangu, sikujiona. Vichwa vyote vimenyolewa, sweta ni ile ile, nyuma hakuna jina. Hapo sasa nililia kabisa. Mama Rispa akavuta kiti, akazipitia pole pole, akanipa ya msichana mmoja amenuna.

"Ni wewe huyu. Ulijua utaivua hiyo sweta."

Nikamshusha mtoto nikamweka kando ya picha. Paji la uso lilikuwa lile lile, na mdomo pia. Nilicheka kwa furaha.

Mama Rispa tulishamzika. Picha zilizobaki ziko kwa kabati yako, na wenyewe watakuja, wengine wazee kama mimi. Usiwaambie warudi kesho. Wape, na ukae nao. Hawa wadogo mnaowapiga picha na simu, andika majina leo, na anayeondoka aende na zake bila kuomba.

Za zamani niletee Jumatatu tuziandike majina. Wengi nawajua, na macho bado yanaona. Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kumngoja mtu mpaka ajione.