Wageni Wasimame

Katika idara yetu, mkutano wa kufungua muhula huanza kwa maombi, kisha mwenyekiti husema, "Wageni wasimame tuwatambue." Desturi hii aliitoa kanisani kwake nzimanzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chuo kikuu si ibada ya Jumapili. Wageni ni sisi, wahadhiri wa muda. Tunasimama, tunataja jina na somo, tunapigiwa makofi, tunaambiwa tujisikie nyumbani.

Nimejisikia nyumbani miaka mingi sasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, pamoja na rundo la mitihani ya kusahihisha, ila ugeni haukuisha. Meza sina. Wanafunzi wangu wa tasnifu nawaona kwenye kibanda cha chai River Road, jirani na wachapishaji wa kadi za harusi, na nadharia nyingi nimezinyoosha huku mtu akiniomba nimsogezee sukari. Mchana nafundisha tena bewa la Upper Hill. Jioni nasahihisha kitandani, Riruta, ambako majirani wa ploti ya kupanga huniita "Prof". Huwa naitika. Cheo cha ploti hakihitaji usaili.

Basi mwaka jana ikatangazwa nafasi moja ya kudumu, tena katika somo langu mwenyewe. Niliitaka kwa tamaa isiyo na haya. Bima ya matibabu niliitaka, ndiyo, lakini zaidi nilitaka meza yenye droo na mahali pa kuacha sweta. Nikaomba, nikahojiwa, na mwenyekiti akaninong'oneza kwenye ngazi, "Madam, wewe tulia. Hiyo kitu ni yako. Ni vile tu lazima tufuate mambo ya ofisi."

Nikatulia. Nilitulia likizo nzima kama maji ya mtungini. Nikanunua hata viatu vya kuvalia ofisini.

Siku ya mkutano nikaketi safu ya mbele. Kando yangu alikaa bwana mmoja mpole, suti mpya, ambaye sikumjua. Tukaomba. "Wageni wasimame tuwatambue." Wenzangu wa nyuma wakasimama. Mimi nikabaki kitini, tena nikanyoosha miguu ili viatu vionekane. Yule bwana akaanza kuinuka.

"Kaa, Daktari," mwenyekiti akamwambia akicheka. "Wewe si mgeni. Huyu, ndugu zangu, ndiye amechukua ile nafasi ya kudumu. Huyu sasa ni mwenyeji." Makofi yakalia. Kisha akanigeukia, kwa upole ambao mpaka leo sijamsamehe. "Madam, hatujakuona ukisimama."

Nikasimama. Nikataja jina langu. Nikataja somo langu, ambalo nimelifundisha mpaka kuta zimelikariri. Wakapiga makofi, wakaniambia nijisikie nyumbani.

Tulipotoka kwenda kunywa chai, yule bwana akanifuata, akanisalimia kwa heshima zote. Hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Samahani, Madam," akasema kwa sauti ya chini. "Choo iko wapi?"

Nikampeleka. Nikamwonyesha pia jinsi ya kuuinua mlango kidogo, maana bila hivyo haufungi.