Asiye na Adabu Ukumbini

Mwalimu anayemfundisha binti Odessa fidla ana vidole vinene kama vya muuza nyama, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hufundishia katika chumba cha chini ya kanisa, hapo Detroit, pipi ya mnanaa haimtoki shavuni, na mwanafunzi akikosea hasemi neno. Husonya tu, msonyo mrefu unaoishinda fidla yenyewe. Adui yake ni makofi. Muziki anaopiga Odessa, wa Wazungu wa kale, una sehemu tatu, na ustaarabu wake ni kungoja zote ziishe ndipo upige makofi. Lakini kina shangazi wa kanisani kila sehemu ikiisha wanaruka: "Amina! Waambie, mama!"

"Kesho mkae kimya kama mmefiwa," mwalimu akawaonya.

"Hata msibani sisi hatunyamazi," wakamjibu.

Basi kesho yake, Odessa aliposhindania nafasi katika okestra ya jiji, walikaa wameikalia mikono yao. Sehemu ya kwanza ikaisha. Kimya. Odessa hakuwahi kupigiwa kimya tangu azaliwe, akajua ameboronga. Akaivamia sehemu ya pili mbio mbio, waamuzi wakatazamana. Ndipo kutoka nyuma ikapasuka sauti ile ya kuvuka mto: "Polepole, mwanangu! Hawa hawana pa kwenda!"

Ukumbi mzima ukageuka. Odessa akacheka, akainua uta wa fidla, akaendelea. Na mwalimu wake, pipi shavuni, naye akageuka, akawakazia macho kina shangazi mmoja mmoja.

"Nani huyo," akanong'ona kwa ukali, "asiye na adabu?"