Mbuzi Vibete Mkabala na Simba

Kazi yangu ni kulisha mbuzi vibete katika bustani ndogo ya wanyama, nje kidogo ya mji wa Singida, na aliyeweka banda langu mkabala na la simba hakunitakia mema. Wageni wakishakata tiketi hunipita mbiombio. Wanaosimama ni wa kunicheka. "Yaani tumetoka Mtinko kwenye mbuzi, tukalipa kiingilio tuje kuangalia mbuzi?" Mwingine husema supu ya mmoja haijazi bakuli.

Ng'ambo ya njia yuko mwenzangu, mlishaji wa simba. Simba mwenyewe mzee, hulala kutwa akifukuza nzi kwa mkia. Wangu hawatulii. Wanapanda magogo, wanapigana vichwa wakigombea tairi la juu, na beberu huwafukuza wote kisha akasahau kwa nini. Nawapunguza kwato, nawafuta macho, najua yupi mimba inamsumbua. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, huwaambia wageni, nao wameshageukia ng'ambo kupiga picha na mwenzangu. Nilimwonea wivu mtu yule hadi mabuti yake. Alipougua malaria nilimpa pole ya mdomoni tu.

Mwaka huu binti yangu alihamia kwa shangazi yake Iguguno, akaanza darasa la nne katika shule mpya. Akanipigia simu kwamba shule yao inakuja kutembelea bustani. Nilifua koti la kazi, nikawapiga mbuzi brashi, nikachagua kitoto kilichozaliwa wiki ile, kidogo kama paka, akishike mbele ya wenzake. Nilitaka jambo moja tu: mwanangu asimame kwangu kwanza.

Basi likafika. Watoto wakakimbilia kwa simba, naye kati yao. Nikangoja na kile kitoto cha mbuzi kifuani, kikanikojolea koti. Mara nikasikia rafiki yake akimuuliza, "Si ulisema baba yako anafanya kazi hapa? Yuko wapi?"

Binti yangu aligeuka akanitazama. Aliniona, wala sina shaka. Kisha akamnyooshea mwenzangu kidole.

"Yule pale, wa simba."

Mwenzangu hakusikia, alikuwa anarusha nyama. Watoto wakamtazama kwa heshima. Wivu niliouzoea ulikuwa wa wageni na picha zao. Huu ulinifanya nitamani simba amng'ate mkono.

Mwalimu akawapanga mstari waje na kwangu. Walipita mmoja mmoja wakiniamkia, kama walivyofundishwa makwao. Zamu ya binti yangu ilipofika aliinamisha macho. Wenzake walikuwa mbele na nyuma yake, wote wanasikiliza.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikaitikia. "Mmetoka shule gani?"