Lamjed Ajibu Mwenyewe

Siku Daktari Ibtissem alipofika mji wa Nabeul na karatasi zake za utafiti, Lamjed Bouzayen alikuwa na miaka thelathini na minane. Chuo kilitaka kujua watu wazima wenye usonji wanaishije. Ibtissem akakaribishwa kahawa, akaanza kumhoji Raoudha, dada mkubwa wa Lamjed.

"Ana marafiki wangapi?"

"Hana, mwenzangu. Kuna huyo Hedi wa kazini tu, na hata hawaongei."

"Huwa anatoka nyumbani?"

"Kazini na kurudi. Maskini ya Mungu."

Lamjed alikuwa ameketi hapo hapo, macho sakafuni, na kila "hana" lilimchoma. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akichemsha maua ya mchungwa kutoa marashi, na pale kiwandani hakuna aliyethubutu kupunguza moto mpaka Lamjed anuse kwanza.

Akainuka, akaichukua karatasi mapajani mwa daktari.

"Mbona unamwuliza yeye? Maisha ni yangu."

"Lamjed! Mgeni huyo!" Raoudha akaona haya.

"Mwache," alisema Ibtissem, akampa na kalamu.

Lamjed akalikata swali la marafiki. "Bovu hili. Mimi na Hedi tunashinda kutwa kimya. Raha yenyewe ndiyo hiyo." Kisha akaandika swali lake pembeni: Una ufunguo wa mlango wa kwenu? Chini yake akajibu: Sina.

Raoudha alisoma, uso ukamshuka. "Niliogopa utapotea, mdogo wangu."

"Nimepotea lini?"

Alasiri ile ile Raoudha alikwenda kwa fundi, akarudi na ufunguo wa Lamjed.

Ibtissem alilibakiza swali lile la ufunguo, tena akamwajiri Lamjed awe mhoji. Alizunguka Nabeul, Korba na Hammamet, akahoji watu sitini na wanne. Wasiosema aliwapa picha waonyeshe kwa kidole, akawangoja, hata saa nzima. Hamsini na mmoja hawakuwa na ufunguo.

Mwaka uliofuata walisoma matokeo mbele ya wataalamu ukumbini Tunis, Raoudha naye akiwapo. Lamjed aliomba taa zipunguzwe na mtu asipige makofi, maana yalimuumiza masikio. Alipomaliza, profesa mmoja akasimama.

"Lakini bwana, tutajuaje kama majibu ya watu hawa ni ya kweli?"

Lamjed akafikiri, tena kwa dhati.

"Wewe profesa, ukiulizwa kama una furaha, anajibu dada yako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa mwenyewe akacheka, akaketi. Watu wakataka kupiga makofi, ndipo wakakumbuka ombi la Lamjed, wakainua mikono juu, wakaipunga kimya kimya, safu baada ya safu, na Raoudha alipunga mpaka machozi yakamtoka.

Lamjed aliitazama mikono ile yote bila kuinamisha macho.

"Vizuri," alisema kwenye kipaza sauti. "Nani mwingine ana swali?"