Ushuhuda Ambao Kanisa Halikuutaka

Mtu akiniambia ameacha pombe kwa sababu ya upendo wa watoto wake, namwangalia mdomo tu. Watoto wake walikuwepo wakati anakunywa. Walikaa palepale wakimtazama, wana njaa, na upendo huo wote haukumzuia kuinua kikombe. Mimi pia nina mtoto, binti mmoja, na nilimpenda nikiwa mlevi kama ninavyompenda leo. Upendo huo haukunitoa popote.

Nilizaliwa mtaa wa Panda, hapa Likasi, katika nyumba ya matofali aliyopewa baba kwa kuwa alifanya kazi kiwanda cha shaba. Tulikuwa Wakatoliki wa misa ya kwanza. Watawa, masere kama tunavyowaita, walinifundisha kushona, na mpaka leo nikiona mshono uliopinda begani mwa mtu aliye mbele yangu kwenye foleni, mikono inaniwasha kuufumua. Niliolewa na dereva wa lori la mawe ya chokaa kule Kakontwe. Yeye alikunywa bia yake barazani kila jioni na majirani wakamwita papa, baba wa heshima. Mimi nilipoanza lutuku, ile pombe kali inayochemshwa uani, nikawa nimeingiliwa na pepo. Mwanamume akilewa amechoka na kazi. Mwanamke akilewa atafutiwe mchungaji.

Watu hupenda kuniuliza nilianza kwa nini. Wanasubiri niseme ni kwa sababu mume alihamia Kolwezi kwa mwanamke mwingine. Wanataka kulia kidogo kisha waende zao. Mume aliondoka nikiwa tayari nakunywa, na kusema kweli nyumba ilipata nafasi. Nilikunywa kwa kuwa lutuku ilinipendeza, halafu ikafika mahali hainipendezi tena na siwezi kuiacha. Hakuna zaidi.

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya, alikuwa amehama Ukatoliki zamani. Mume wake ananunua mawe ya shaba na kobalti kutoka kwa wachimbaji wadogo, wamepata, na kwa watu kama hao mchungaji hakosekani. Kanisa lao liko Kikula: mabati mapya, kinanda kikubwa, viti vya plastiki vyeupe. Nyuma ya kanisa kuna chumba cha maombi. Yaya alinipeleka huko nikiwa natetemeka, nimeinuka asubuhi bila hata tone mdomoni.

Walinifungia. Hapakuwa na chakula, kwa sababu pepo hula. Maji walinipa kidogo. Wanawake watatu wenye sauti kali walinizunguka wakipiga makofi masikioni mwangu, na mchungaji alikuja mara kwa mara kunisukuma paji la uso. Siku ya pili nilianguka, mwili ukapigapiga sakafu, nikauma ulimi. Wao wakaimba kwa furaha. Pepo anatoka! Kama isingekuwa binti yangu, aliyekuja kutoka shuleni Mulungwishi na kupiga kelele mpaka wakafungua mlango, pepo angetoka pamoja na mimi mwenyewe. Hospitali waliniwekea dripu na kunichoma sindano. Daktari aliniambia kwamba mtu aliyezoea pombe kali kila siku, ukimkatia ghafla bila dawa, anaweza kufa. Alisema bila hata kuinua macho, kama anayemweleza mteja bei ya sabuni. Huyo nilimheshimu.

Nilipotoka, daktari huyo alinielekeza kwenye kikundi kinachokutana Jumamosi mchana katika darasa la parokia. Kiliongozwa na muuguzi mstaafu, mzee mwembamba aliyezungumza polepole sana na kupaka kila sentensi Kifaransa. Nilimchoka kabla hajakaa. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na akaanza kuuliza mmoja mmoja: ni kitu gani unakithamini katika maisha yako, kitu ambacho pombe inakunyang'anya?

Mwanamume aliyewahi kuwa mlinzi wa gereza la Buluo akajibu, "Mungu." Mwingine, mvunja mawe wa Kakontwe, akajibu, "Familia." Mwanamke muuza samaki wa kukaushwa akajibu, "Mungu na familia." Walijibu kama watoto wa katekisimu, macho juu, wakisubiri kusifiwa. Niliwatazama nikajua kwamba nusu yao watapitia kwa muuza lutuku wakirudi nyumbani, Mungu na familia wakiwasindikiza.

Ikafika zamu yangu.

"Na weye, mama?"

"Minye sipendi bongo," nilisema, yaani uongo. "Nachukia bantu ba bongo. Na hapa niko nasikia bongo tu."

Mlinzi wa gereza alikohoa. Muuguzi hakukasirika. Alinigeukia taratibu, kama mtu anayegeuza kiti kizito.

"Bon. Na weye mwenyewe, unasemaka bongo?"

Nilitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini hapana ingekuwa uongo mwingine, na mbele ya watu wale ambao nimetoka kuwatukana. Wateja niliwaambia nguo iko karibu kwisha wakati kitambaa hakijaguswa na mkasi. Yaya nilimwambia ninaumwa malaria. Binti yangu nilimwambia ile ni dawa ya tumbo, na alinyamaza kwa namna ambayo mtoto hapaswi kujua kunyamaza.

"Kila siku," nilisema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya lutuku."

"Basi njo kintu yako ile, kuchukia bongo. Siku kiu inakuja, usijiulize kama utakunywa ao hapana. Jiulize utasema bongo gani juu ya kuipata."

Niliudhika mpaka kesho yake. Nilikuwa nimeenda kumdharau, na mzee yule amechukua dharau yangu akanirudishia kama kazi ya nyumbani. Lakini nilijijua. Sina upole, sina subira, na imani yangu ni ya Jumapili. Kitu nilicho nacho kwa wingi ni kinyaa kwa waongo. Nikaona afadhali nisimamie hapo kuliko kuazima thamani za watu wengine ambazo hazinikai mwilini.

Jumatatu mteja alikuja kuuliza gauni lake la harusi ya mdogo wake. Wakati huo niliishi na kushonea katika chumba cha mbele kwenye kiwanja cha yaya.

"Mama, nguo yangu iko wapi?"

"Sijaianza."

Alinitazama kama nimemtemea mate. Alikusanya kitambaa chake, akanisonya, akaenda. Wateja wanasema wanataka ukweli. Wanachotaka ni kuambiwa kesho. Ila yule mwanamke alipoondoka niligundua kwamba sikuwa na haja ya kujificha nikisikia hatua mlangoni, na jambo hilo lilikuwa geni kwangu.

Njia ya kwenda sokoni inapita kwa mama aliyekuwa akiniuzia. Ni mwanamke mcheshi, ana kicheko kizuri, na nimeona watu wakizeeka kwenye benchi lake kabla ya umri. Aliniita kwa nguvu:

"Eh, mama! Unapotea! Tulikufanya nini?"

Nilijua uongo niliozoea kumjibu: nakuja kukusalimia tu, nakaa kidogo tu. Nikasimama katikati ya njia.

"Naogopa pombe yako. Nikikaa pale nitakunywa mpaka nianguke. Njo maana sikai."

Walevi wa benchini walicheka. Yeye alicheka pia, kisha kicheko kikamfia, akainamia mtungi wake akajifanya anaufuta. Nilikwenda sokoni. Kiu haikuisha kwa sababu nimesema kweli. Nawaambia hivyo kwa kuwa kuna watu watakaowadanganya kwamba inaisha.

Siku zilipita nisinywe, na yaya akaanza kung'aa kana kwamba yeye ndiye aliyeacha. Jioni moja alikuja na mchungaji wake chumbani kwangu. Mchungaji alikaa kwenye kiti cha wateja, akakunja nne, soksi za zambarau. Alisema kanisa lote linasubiri ushuhuda wangu Jumapili.

"Utasema vile: tangu siku ya maombi, kiu ilikufa."

"Kiu haiyakufa," nilimjibu. "Hata saa hii, papa pasta, nikikuangalia, niko nayo."

Alitabasamu lile tabasamu la mtu anayelipwa kutabasamu. "Mama, imani inatangulia kusema, mwili unafuata nyuma."

"Na hospitali? Nayo niseme?"

"Hospitali ni chombo tu. Haina lazima."

Alipoondoka, yaya aliniwekea mapajani kitenge kipya, cha gharama, tayari kimeshonwa na fundi mwingine. Mshono wa kiunoni ulikuwa umepinda. "Ni maneno mbili tu," alisema. "Itakuchinja? Nyumba hii unashonea ni ya nani?"

Hilo nalo lilikuwa ukweli, na nililisikia vizuri.

Jumapili nilivaa kitenge kile. Kanisa lilijaa. Kinanda kilipiga, watu wakaruka, mchungaji akanitambulisha kama mwanamke aliyetolewa kinywani mwa simba. Akanipa kipaza sauti. Yaya alikuwa mstari wa kwanza, leso mkononi, amejiandaa kulia.

Nilisema: "Nilikuwa mulevi wa lutuku. Ndugu zangu walinileta hapa nyuma, mukanifungia bila chakula. Nikaanguka, nikauma ulimi. Mulikuwa munaimba. Mutoto wangu alinitoa, daktari akaniponesha kwa dawa. Kiu ingali iko. Sikunywa, njo hivyo tu. Muntu mwenye kunywa kila siku, musimufungie, anaweza kufa. Mumupeleke hospitali."

Halafu mtu mmoja nyuma, kwa mazoea, akasema amina, na wengine wakamfuata. Amina! Amina! Hawakuwa wamesikia neno hata moja. Walisikia mtu mwenye kipaza sauti amenyamaza, wakajua ni zamu yao. Sijawahi kudharau kundi la watu kama nilivyowadharau wale, na sijatubu. Mchungaji alinipokonya kipaza sauti akatangaza kwamba pepo wa ulevi ametoka lakini pepo wa kiburi amebaki, tuombe. Yaya alishusha leso. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji machafu mbele ya wakwe.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Nilikuwa nimefika kwenye ukuta wa nje nikasikia mtu ananifuata mbio. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, jasho linamtoka.

"Mama, ile umesema ni kweli? Ile ya kufa?"

"Daktari ndiye aliniambia. Juu ya nini?"

"Bwana yangu iko mule. Tangu jana. Mikono inatetemeka, anaona bantu benye habako pale."

Sikujiuliza. Tulizunguka nyuma. Mlango wa chumba cha maombi ulikuwa na mlinzi, shemasi mnene anayekula karanga. Alisema hawezi kufungua bila amri ya mchungaji. Nilimwambia mtu huyo akifa, nitasimama kwa polisi na kusema shemasi ndiye aliyekuwa na ufunguo, na kwamba amenisikia leo, anajua kama naweza kusimama au siwezi. Alitema maganda ya karanga. Akafungua.

Mume alikuwa kwenye mkeka, anapapasa ukuta kama anachuma majani. Tulimwinua, mke bega moja mimi bega jingine, mtoto akilia mgongoni, na ndani ya kanisa walikuwa wakiomba dhidi ya kiburi changu. Tulimweka nyuma ya pikipiki ya kukodi, mke akamshikilia. Mimi nilifuata kwa miguu, kitenge cha yaya kimepasuka palepale mshono ulipopinda.

Hospitali walimpokea. Aliishi. Ningependa kusema alibadilika, lakini baada ya miezi alirudi kwenye pombe, na siku moja alinikuta Kikula akaniita mchawi wa kanisa la watu. Nilimwambia ana bahati ya kuwa na mdomo wa kunitukania. Mtu yule simpendi. Mke wake hunisalimu kwa mikono miwili.

Jioni ya Jumapili ile ilikuwa mbaya. Nilifika nyumbani nikakuta cherehani yangu imetolewa nje, imewekwa chini ya ukuta na kapu la nyuzi juu yake. Nilitaka kunywa kuliko siku yoyote. Nilikaa chini kando ya cherehani nikajiuliza swali la yule mzee anayenichosha: utasema uongo gani? Nikautafuta, na nikaukuta upo tayari, umependeza sana: kwamba nimefanya jambo kubwa leo, kwamba nastahili. Huo ndio uongo unaojua kuvaa nguo za heshima. Nilipiga simu kwa binti yangu. Aliuliza kama kawaida yake, bila salamu, "Umekunywa?" Nikamjibu, "Hapana, lakini natamani, ongea na mimi." Aliongea mpaka salio lake likaisha, kuhusu mwalimu wa hisabati na maharage ya bwenini yenye mawe.

Sasa nashonea barazani kwa mama mmoja karibu na soko. Vumbi ni jingi, umeme ukikatika tunasubiri sana. Jumamosi naenda kwenye madawati ya watoto. Wageni wakija wanajibu Mungu, wanajibu familia, na bado nakunja uso. Mzee ananitazama na kuninyamazisha kwa kidole. Yule mvunja mawe wa Kakontwe, ambaye nilimhukumu siku ya kwanza, hajanywa. Inaelekea kwake familia ilikuwa jibu la kweli. Sikuwahi kumwambia nilivyomdhania, kwa kuwa hajaniuliza.

Yaya alikaa muda mrefu bila kuja. Alipokuja, mama yetu alikuwa anaumwa na ilibidi tupange nani alale kwake. Alisimama mbele ya cherehani, mkoba umebanwa kwapani.

"Ulinipatisha haya mbele ya kanisa lote."

"Ndiyo, yaya. Nilikupatisha haya."

Alingoja niongeze. Nilirudi kwenye mshono wangu. Basi akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuniambia kwamba mama hataki kula bukari, yaani ugali, anataka uji tu, na kwamba zamu ya usiku nichukue mimi kwa sababu yeye usingizi wake ni mzito.